Mtoto wa Kulea na Jeraha la Moyo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemkuta Mtume wake yatima akampa makazi. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu hapa Siongiroi limeulizwa swali moja mara nyingi, na kila mara huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba muulizaji aona haya. Mtu amemtwaa mtoto wa ndugu yake aliyekufa, au yatima asiye na jamaa, akamtia nyumbani mwake kwa kutaka radhi ya Mwenyezi Mungu. Amempa chakula, nguo na kitanda. Amempeleka skuli na chuoni. Lakini mtoto hatulii. Usiku huamka akipiga kelele. Huficha chakula chini ya godoro, na hali chungu kimejaa. Hukojoa kitandani naye ana miaka tisa. Akiambiwa neno dogo hutetemeka, au huokota jiwe. Basi mlezi huuliza: Je, mtoto huyu ana pepo? Je, yafaa nimpige mpaka anyoke? Je, naweza kumrudisha nilikomtoa?

Tumeona ni wajibu wetu tujibu kwa maandishi, ili jibu limfikie na yule aliyeona haya kuuliza. Na jibu letu kwa ufupi ni hili: mtoto huyo si mwenye pepo, bali ni mwenye jeraha. Jeraha lake lina dawa, na dawa hiyo haifanyi kazi ila ikidumu. Sasa tutalieleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwa tawfiki yake Mola.

Jeraha lisiloonekana

Wazee wetu walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika maneno hayo machache imo elimu ambayo waganga wa nafsi wameieleza kwa vitabu vingi. Mtoto aliyeona nyumba ikichomwa, au aliyelala kando ya maiti ya mamaye, au aliyepigwa na kuachwa na njaa na wale waliopaswa kumlinda, mwili wake umejifunza hofu kabla akili yake haijakomaa. Hatari imepita, lakini mwili haujapata habari. Bati likipigwa na upepo, moyo wake hudhani wale watu wamerudi. Mlezi akichelewa kutoka sokoni, yeye huona kwamba na huyu naye amekwenda moja kwa moja. Hali hii wataalamu huiita kiwewe. Haiwi kwa ukaidi wala kwa ukosefu wa adabu, na mtoto hakuichagua.

Wala tusidhani kwamba watoto wa namna hii wako mbali nasi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu iliingia katika machafuko yaliyoua watu zaidi ya 1,100, na katika wilaya ya Kericho moto uliwaka Londiani na Kipkelion. Mwaka 2018 na 2019 jamaa nyingi ziliondolewa katika msitu wa Mau, watoto wakaona nyumba walizozaliwa zikibomolewa. Mwezi wa Oktoba 2018 basi lilipinduka karibu na Fort Ternan, na tarehe 30 Juni 2023 lori likawaparamia watu katika makutano ya barabara ya Londiani. Katika kila ajali ya hizo mbili walikufa watu wapatao 50 au zaidi. Msiba huzikwa kwa siku moja, magazeti yakaandika, wakubwa wakatoa pole. Kisha je? Kila aliyezikwa akiwa mzazi, nyuma yake aliacha mtoto aliyelala usiku ule katika nyumba isiyo yake.

Na jambo hili litazidi kutukabili. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa miaka 10, hadi mwaka 2032, wa kuwatoa watoto katika majumba ya mayatima na kuwarudisha katika ulezi wa jamaa. Mpango huu ni mwema, nao wakubaliana na mafundisho ya dini yetu. Lakini ni nyumba gani zitakazowapokea? Na zikiwapokea, zitawavumilia kwa muda gani?

Yatima aliye mbora wa viumbe

Ndugu zetu, hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mtume wetu (s.a.w.) babake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Alipokuwa na miaka sita, mamake, Bibi Amina, alikufa njiani wakirejea kutoka Yathrib, akazikwa mahali paitwapo Abwa. Hebu fikirini: mtoto wa miaka sita, safarini, amesimama mbele ya kaburi la mamake. Alimrudisha Makka mjakazi wao, Ummu Ayman (r.a.). Akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, naye akafa mtoto alipokuwa na miaka minane. Katika miaka minane alikwisha kupotewa mara tatu.

Ni nini basi kilichomhifadhi, baada ya hifadhi ya Mwenyezi Mungu? Tazameni sababu alizomjaalia Mola wake. Ummu Ayman hakumfikisha Makka kisha akenda zake. Alibaki karibu naye maisha yake yote, na yapokewa kwamba Mtume alikuwa akimwita mama baada ya mama yake, na akimzuru nyumbani kwake. Na ami yake, Abu Talib, alimpokea akiwa na miaka minane, akasimama naye mpaka yeye mwenyewe alipokufa, na Mtume yu mtu mzima wa miaka ipatayo hamsini. Abu Talib alikuwa na wana wengi na mali kidogo. Maquraishi walimtisha, wakamsusia, wakamtaka amtoe mwana wa nduguye, naye hakumtoa. Huo ni ulezi wa miaka zaidi ya 40.

Hii ndiyo maana ya makazi yaliyotajwa katika Sura ya Adh-Dhuha. Makazi si paa tu. Makazi ni mtu ambaye kesho yuko, na kesho kutwa yuko. Na baada ya Mwenyezi Mungu kumkumbusha Mtume wake neema hiyo, mara alimwamrisha asimwonee yatima. Maana yake ni kwamba anayejua uchungu wa kukosa makazi asiwe sababu ya mwengine kuyakosa.

Dawa yake ni kudumu

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Hadithi hii twaihifadhi, na mara nyingi twaisomea sala za sunna na uradi. Lakini ni mara ngapi tumeisomea malezi? Mtu humnunulia yatima kanzu mpya siku ya Idi, akampakata mbele za watu, kisha mwaka mzima hamuulizi amelalaje. Mtoto mwenye jeraha hafaidiki na wema mkubwa wa siku moja. Hufaidika na wema mdogo usiokatika: uji wa saa ile ile, mlango ufungwao na mtu yule yule, dua ya kulala isomwayo kila usiku, ahadi isiyovunjwa.

Sisi wa Siongiroi twaijua siri hii katika ng'ombe zetu. Je, yuko mfugaji asemaye kwamba jana alikama vizuri sana, basi leo na kesho atapumzika? Akifanya hivyo, kiwele huvimba, maziwa hukauka, na ng'ombe huugua. Kwa hivyo alfajiri, mvua ikinyesha au isinyeshe, mitungi hutoka kwenda kwenye mtambo wa maziwa. Na jirani zetu wa Konoin na Kericho, mchai wao huchumwa kwa zamu, hurudiwa kila baada ya siku chache mwaka mzima. Shamba likiachwa, majani hukomaa na mchai huwa msitu. Ikiwa twadumu hivi kwa ajili ya maziwa na majani, haitupasi tudumu zaidi kwa ajili ya moyo wa mtoto?

Na kudumu huku kwa nini ni dawa? Kwa sababu jeraha lenyewe lilikuwa ni kukatika. Mtoto alimtegemea mtu, akaondoka. Sasa humjaribu mlezi mpya ili ajue kama naye ataondoka. Huvunja sahani, husema uwongo, hutukana. Ni kama auliza: Na nikiwa hivi, utaniweka? Mlezi akimpiga na kumtishia kumrudisha, mtoto hupata jibu alilolihofu. Akimkataza kosa kwa upole, na jioni ile ile akamwekea sahani mahali pake pa kawaida, mtoto hupata jibu jengine. Jibu hilo hataliamini siku ya kwanza. Pengine hataliamini mwaka wa kwanza. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Anas bin Malik (r.a.) aliletwa kwa Mtume akiwa mtoto wa miaka ipatayo kumi, akamtumikia miaka kumi. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba katika muda wote huo Mtume hakumwambia hata neno la kuchoshwa naye. Sahaba mwengine alisimulia kwamba utotoni mamake alimwita aje ampe kitu. Mtume akamuuliza yule mama alitaka kumpa nini, naye akajibu kwamba ni tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Tazameni jinsi ahadi kwa mtoto ilivyo nzito! Basi yule amwambiaye yatima kwamba akinyamaza mamake atarudi, naye yuajua kwamba mama yumo kaburini, atajibu nini mbele ya Mwenyezi Mungu?

Tiba na wapotoshaji

Wako wasemao kwamba mtoto apigaye kelele usiku amepagawa. Humpeleka kwa mganga, akavukizwa, akachanjwa, akavikwa hirizi. Asipopona hupelekwa kwa mganga wa pili na wa tatu, na kila mganga hula kuku na fedha. Huku ni kumwongezea hofu mtoto ambaye ugonjwa wake ni hofu. Kinga aliyotufundisha Mtume (s.a.w.) ni nyengine: alikuwa akiwaombea Hasan na Husein kwa maneno ya kumtaka Mwenyezi Mungu awahifadhi. Basi msomee mtoto, umpanguse kichwa, umlaze. Hilo halina gharama wala halina shirki.

Na wako wengine wasemao kinyume, kwamba dua yatosha, na kumpeleka mtoto kwa mshauri nasaha ni udhaifu wa imani. Hawa nao wamekosea. Mtume aliyetufundisha dua ndiye aliyetuamrisha tutafute dawa, akatwambia kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Naye ndiye aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali.

Wengine huuliza kama tiba hii ya mazungumzo ina faida yoyote, au ni desturi ya Wazungu tu. Jibu liko karibu. Watafiti waliwachukua watoto 640 wa Bungoma, hapa Kenya, na wa Moshi, Tanzania, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Baadhi yao walitibiwa na washauri ambao hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofunzwa kazi hiyo. Walikutana kwa makundi kila wiki kwa muda wa wiki 12, na kila mtoto akakaa na mshauri peke yake mara tatu au nne. Walezi nao waliitwa, wakafundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hapa Kenya, mjini na mashamba, watoto waliotibiwa walipungukiwa na kiwewe kuliko wenzao, na mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa ingalipo. Kule Moshi, baada ya mwaka tofauti baina ya makundi mawili haikubaki. Basi hatusemi kwamba ni dawa isiyoshindwa. Twasema ni dawa yenye faida iliyothibiti, nayo iko mikononi mwa watu kama sisi.

Hufanywa nini katika tiba hiyo? Mtoto hufundishwa kuyapa majina yaliyo moyoni mwake: hii ni hofu, hii ni hasira, hii ni huzuni. Hufundishwa kuutuliza mwili wake kwa kupumua polepole. Kisha, kidogo kidogo, bila ya kulazimishwa, huyasimulia yaliyompata, mpaka yawe ni habari ya jambo lililopita, si moto uwakao kila usiku. Na mlezi huwa karibu ayasikie, ili mtoto asiubebe mzigo peke yake.

Lakini sikilizeni neno hili, ndugu zetu. Wiki 12 ni wiki 12. Mlezi ampelekaye mtoto mara mbili, kisha akaacha kwa sababu ya msimu wa mahindi au nauli, amefungua kidonda akakiacha wazi. Kuanza kisha kukatiza huenda kukamfundisha mtoto kwamba hata waganga wa moyo nao huondoka. Basi asiye na nauli aseme, na jamaa ya msikiti wachange. Hiyo ni sadaka iliyo bora kuliko mazulia mapya. Aulize katika hospitali ya kaunti, Longisa au Kericho, ama kwa afisa wa watoto; na mtoto aliye hatarini, nambari 116 hupigwa bure kutoka popote nchini.

Kafala si kugeuza nasaba

Sasa tuje katika hukumu, kwani wengi huchanganya. Uislamu umeharimisha kumgeuza mtoto wa mtu kuwa mwana wa nasaba, ukaamrisha kumlea. Zaid bin Haritha (r.a.) alitekwa akiwa mtoto katika safari pamoja na mamake, akauzwa katika soko la Ukaz, akafika kwa Bibi Khadija, naye akampa Mtume. Babake alilia miaka mingi. Alipopata habari akaja Makka na fidia. Mtume hakutaka fidia. Alimpa Zaid hiari, na Zaid akachagua kubaki. Hapo akaitwa Zaid bin Muhammad, mpaka ilipoteremka Sura ya Al-Ahzab, ambamo Mwenyezi Mungu ameamrisha, katika aya ya 5, kwamba watoto waitwe kwa baba zao. Akarudi kuwa Zaid bin Haritha.

Je, alitupwa? Hasha! Jina lilirudi kwa mwenyewe, na mapenzi yakabaki mahali pake. Zaid alimwoa Ummu Ayman, yule yule mlezi wa Mtume, wakamzaa Usama. Na Mtume alikuwa akimpakata Usama paja moja na Hasan paja la pili, akiwaombea wote wawili. Zaid aliongoza jeshi la Muta, akafa shahidi, na hakuna sahaba mwengine aliyetajwa kwa jina katika Kurani.

Hekima ya hukumu hii yaonekana wazi kwa mtoto mwenye jeraha. Amekwisha kunyang'anywa baba. Asinyang'anywe na jina la baba. Jirani zetu Wakipsigis huita mtu arap fulani, yaani mwana wa fulani, nasi twasema bin fulani. Mwache mtoto awe bin babake. Mwambie ukweli kwa kadiri ya umri wake, umwonyeshe kaburi, umfundishe kuwaombea wazazi wake. Uwongo juu ya asili yake ni nyumba ya mchanga. Siku atakayousikia ukweli kwa jirani, makazi yote yataanguka.

Kumbukeni pia mambo matatu. Kwanza, mtoto wa kulea harithi, lakini mlezi aweza kumuusia mpaka thuluthi moja ya mali yake. Basi aandike wasia angali mzima. Pili, mali ya yatima, ikiwa ni ng'ombe au kipande cha shamba cha babake huku Chepalungu, ni amana, na anayeila kwa dhulma ameonywa katika Sura ya An-Nisaa kwamba yuala moto tumboni mwake. Tatu, mtoto wa kulea si maharimu kwa sababu ya kulelewa tu. Aliye chini ya miaka miwili, akinyonyeshwa na mke wa mlezi au dada zao kwa masharti yajulikanayo, udugu wa kunyonya hupatikana. Ama aliye mkubwa, afundishwe mapema na kwa upole kwamba akibaleghe iko mipaka ya stara. Asije akaamka siku moja akaona mama aliyemlea amejifunika mbele yake, akadhani amefukuzwa tena.

Na sheria ya nchi haitupingi. Mkataba wa mataifa juu ya haki za mtoto, wa mwaka 1989, umeitaja kafala katika kifungu cha 20, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua miongoni mwa njia za ulezi. Basi hakuna udhuru wa kumficha mtoto. Nenda kwa afisa wa watoto, ulezi wako uandikwe.

Jibu la swali la tatu

Limebaki lile swali zito: Je, naweza kumrudisha? Twasema: ikiwa yuko mzazi wake aliye salama, au jamaa wa damu aliye bora kwake, kumrejesha kwake taratibu ni haki. Ikiwa nyumba yako ina hatari kwake, kumtoa ni wajibu. Ama kumrudisha kwa sababu amekuchosha, amekojolea godoro, au watoto wako wanamwonea wivu, huko si kurudisha kitu dukani. Ni kumwua mara ya pili aliyekufiwa mara ya kwanza. Ukichoka, omba msaada, wala usiombe kupunguziwa amana. Na asiyejiona na nguvu ya miaka asimtwae mtoto kwa hamasa ya siku ya mazishi. Amsaidie mwenye kulea kwa unga, kwa ada ya skuli, kwa kumpokea mtoto Jumamosi ili mlezi apumzike, nayo ni sehemu ya thawabu.

Ndugu zetu, Mtume (s.a.w.) ametuahidi kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa Peponi pamoja kama vidole viwili, akaonyesha kidole cha shahada na cha kati. Vidole hivyo haviachani usiku wala mchana. Basi atakaye ujirani huo kesho asiachane na yatima wake leo.

Ewe Mola wetu, watulize watoto waliotishika, uwape walezi subira isiyokatika, na utujaalie nyumba zetu ziwe makazi. Wabillahi tawfiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.